Mwali haruhusiwi kutoka nje, vidole vyake vikapanda bodaboda: nilivyorekodi kwenye piano inayojipiga yenyewe, Nkwenda

Wakuu, kabla sijaiona niliisikia.

Nilikuwa nimesimama Nkwenda, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maghala ya maharage, nakung'uta vumbi la safari kwenye suruali. Juu ya ukuta ikapita sauti ya piano.

Sio keyboard, tuelewane mapema. Keyboard naijua, nimekulia kwaya. Hii ilikuwa na mbao ndani yake, ilikuwa na nyuzi. Kila noti ikipigwa ilibaki hewani kidogo, kama harufu ya kahawa inavyobaki kwenye shati la mtu aliyeshinda kwenye maturubai ya kuanikia.

Nikasema moyoni, leo Nkwenda kuna mgeni wa maana.

Nikafuata mlio mpaka kwenye lodge moja, nikaingiza kichwa sebuleni. Piano ilikuwepo, nyeusi, imesogezwa ukutani jirani na friji la soda. Vibao vyake vyeupe na vyeusi vilikuwa vinashuka na kupanda, vinashuka na kupanda, kwa raha zao.

Kwenye kiti chake hapakuwa na mtu.

Sasa ndiyo niwasalimu. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku. Mimi ni mtu wa kuandika riwaya, na najua mtu wa riwaya akisema "haya yametokea" watu hushika mifuko yao. Safari hii sijatunga. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wapo na wana simu.

Tuendelee.

"Umeogopa," akasema bwana mmoja mnene aliyekuwa anakula ndizi na maharage kwenye meza ya pembeni.

"Sijaogopa. Shikamoo."

"Marahaba. Umeogopa. Mguu mmoja uko nje."

Nikaangalia. Ulikuwa nje.

Huyo ndiye Ta Deo, mwenye lodge. Kwetu "Ta" ni heshima ya mwanaume mtu mzima. Ni mtu wa Muleba, alikuja huku Kyerwa kununua kahawa na maharage, biashara ikamkubali, akajenga. Piano aliinunua Kampala kwenye nyumba ya wageni waliokuwa wanahama. Yeye alifuata makochi. Piano ikapandishwa kwenye lori kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki.

Ni piano halisi kabisa, ya nyundo na nyuzi, ila ndani yake imefungwa mitambo ya kuvuta vibao. Unachomeka flash yenye faili la MIDI, inapiga yenyewe.

Kwa wasioijua, MIDI siyo sauti. Ni kumbukumbu ya vidole. Inaandika kibao gani kimeguswa, kwa nguvu kiasi gani, na kikaachiwa saa ngapi. Sauti yenyewe inatoka kwenye chombo kitakachosoma hayo maandishi.

Shikeni hapo, tutapahitaji.

Ta Deo huiwasha wageni wakiwa wanakunywa chai. Aliniambia kuna dereva mmoja wa lori, aliyekuwa anaelekea mpakani, aliiona inaanza peke yake akasimama taratibu, akachukua funguo zake, akahama lodge.

"Akaacha chapati nzima," Ta Deo akasema, akitikisa kichwa. Kilichomuuma ni chapati.

Mimi wakati huo nilikuwa simsikilizi tena. Nilikuwa namuwaza Leokadia.

Leokadia ni binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni dada yangu, hatuna maneno ya "binamu" sisi. Nyumbani ni Igurwa, kwenye migomba na kahawa, Walutheri wa ukoo mzima. Amepiga kinanda cha kwaya tangu miguu yake inaning'inia kitini. Kwao kila mtu anajua kwamba Leokadia anapiga, kama wanavyojua kwamba mvua inanyesha, na hakuna anayeinua kichwa.

Ila yeye alikuwa na jambo lake. Aliomba nafasi kwenye chuo kimoja cha muziki, mbali na huku. Chuo kikajibu: tuma rekodi ya vipande viwili, ukipiga kwenye piano halisi, bila kuhaririwa, kabla ya dirisha kufungwa.

Piano halisi. Huyu ni mtu ambaye hajawahi hata kukaa mbele ya piano halisi. Alikuwa na piano ya digitali aliyoinunua kwa mtu, nzima, ina vibao vyote, ila bado ni ya umeme.

Tatizo la pili ni kwamba anaolewa.

Mchumba anaitwa Edmundi, mwalimu, Mkatoliki wa hukohuko Nkwenda. (Mambo ya Mlutheri na Mkatoliki wazee walishayamaliza, msiyaanzishe humu.) Edmundi hana shida na chuo. Alisema ukipata, tutaenda, walimu wanahamishwa kila siku. Lakini dirisha lilikuwa linafungwa wiki moja kabla ya harusi, na kila mtu aliyemwambia Leokadia "si uombe mwakani" alijibiwa jibu moja.

"Mwakani nitakuwa na mtoto mgongoni. Mnanijua na mnanitania."

Tatizo la tatu ni Bibi.

Kwetu, kwa wale wanaoshika ya zamani, binti akishatolewa mahari na siku ikakaribia, anawekwa ndani. Haendi shambani, haendi kisimani, haonekani barabarani. Anakula, anapakwa mafuta, anapumzika. Siku hizi wengi wameacha, au wanaifanya siku moja kwa ajili ya picha. Bibi yetu, aliyemlea Leokadia, hajaacha. Aliweka kiti chake mlangoni, mlango wa mbele, akakaa. Ukipita barabarani ukiona kile kiti na Bibi juu yake anatafuna punje za kahawa, unajua mwali yumo na analindwa.

Kwa hiyo Leokadia kwenda Nkwenda kukaa kwenye kiti cha Ta Deo lilikuwa jambo la kusahau.

Ndiyo maana pale sebuleni, mguu wangu mmoja ukiwa bado nje, wazo likanijia. Mwali hatoki. Sawa. Lakini MIDI ni vidole tu, na vidole vinaingia kwenye flash, na flash inaingia kwenye mfuko wa shati, na mimi sijawekwa ndani na mtu yeyote.

Nikampigia Leokadia, ambaye nyumbani tunamwita Leo.

"Leo, vidole vyako vinaweza kusafiri?"

"Umekunywa rubisi asubuhi hii, kaka?"

Nikamwelezea. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Weka simu karibu na hiyo piano nisikie."

Nikaweka. Akasikiliza wimbo mzima. Kisha akakata.

Baadaye akapiga chuoni kuuliza kama inaruhusiwa. Mama mmoja wa ofisini akaenda kuulizia, akarudi na jibu: ni sawa, mradi video ionyeshe vibao vinavyocheza, faili lisiguswe, na barua ieleze ukweli kwamba alipiga kwenye digitali na piano ikasoma. Hapo tukawa na njia iliyonyooka, na sisi wenyewe ndio tukaanza kuipinda.

SAFARI YA KWANZA

Vipande vilikuwa viwili. Kimoja ni wimbo wa kanisani alioupanga kwa namna yake. Cha pili alikitunga mwenyewe, kinaanza polepole sana, kama mtu anayepepeta kahawa kwenye ungo asubuhi kabla nyumba haijaamka, halafu kinafunguka.

Nilichukua flash Igurwa, nikapanda bodaboda hadi Omurushaka, pale nikapata gari la Nkwenda. Flash ilikuwa kwenye mfuko wa shati umefungwa kwa pini. Kila bonde nilikuwa naigusa.

Ta Deo alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Alizima friji. Alifunga madirisha. Alimfukuza jogoo mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka nyuma ya choo. Nikaegesha simu juu ya kreti mbili za soda, nikachomeka flash.

Piano ikaanza.

Mkono wa kulia nikautambua mara moja, ule ni mkono wa Leokadia, una tabia ya kuchelewa kidogo kabla ya noti ya juu kama mtu anayevuta pumzi. Lakini kule chini kabisa, kwenye vibao vizito vya kushoto, kuna kitu kilikuwa kinatwanga. Du, du, ta-du. Du, du, ta-du. Vikombe vya Ta Deo vikaanza kutetemeka mezani.

Ta Deo akainama sikioni kwangu. "Dada yako anapigia na magoti?"

Wakuu, ilikuwa mdundo.

Hapa watu wa kwaya mtanielewa. Sisi tumekulia kwenye kinanda chenye ngoma ndani. Kabla hujagusa noti unabonyeza mdundo kwanza, kisha unaingia. Kwaya haiimbi bila mdundo, na mpigaji hajui alipo bila mdundo. Leokadia alipokaa kurekodi, mkono ulibonyeza wenyewe. Kwenye digitali yake ile ni ngoma. Kwenye faili ni noti zilizoandikiwa ngoma. Piano ya Ta Deo haina ngoma, kwa hiyo ikasema sawa, nipe, nitazipiga nazo. Ikazipiga zote, kwa uaminifu mkubwa, kwa nyundo.

Nikampigia simu nikiwa nacheka mpaka machozi. "Leo, umeacha mdundo."

"Sasa bila mdundo nitajuaje niko wapi?"

"Utajua tu."

"Wewe ulishawahi kupiga bila mdundo?"

"Mimi hata na mdundo siwezi."

"Basi rudi nyumbani."

Nikarudi. Akajifunza. Alihesabu kwa kisigino kwenye mkeka, peku, mpaka kisigino chenyewe kikanyamaza na wimbo ukawa unatembea peke yake. Mimi nilimwona akifika hapo. Alisimamisha mikono hewani akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyevuka mto akageuka nyuma na kukuta hapakuwa na daraja.

SAFARI YA PILI

Safari hii hapakuwa na utani. Dirisha la chuo lilikuwa limekaribia.

Ta Deo akazima friji. Jogoo alipomwona akaondoka mwenyewe.

Nikabonyeza. Kile kipande cha kutunga kikaanza. Vibao vikashuka.

Sauti haikutoka.

Kibao cha kwanza kikazama, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga mlango huku akiomba usifunguliwe. Halafu vitatu vingine, kimya. Ikaenda hivyo. Kulikuwa na matundu kila mahali. Ule mwanzo wote wa kupepeta kahawa ulikuwa unaonekana kwa macho na hausikiki kwa masikio.

"Imeharibika," Ta Deo akasema. Alisema kama mtu aliyeambiwa habari mbaya ya ng'ombe wake. Akachomoa flash yangu, akaweka nyimbo zake za siku zote. Piano ikalia vizuri, yote, mpaka mwisho.

Akarudisha yetu. Kimya na matundu.

Ndipo akaweka kidole chake kinene juu ya kibao kimoja akakishusha taratibu. Hakikulia. Akakipiga. Kikalia. Akarudia mara kadhaa, taratibu, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu swichi. Tukatazamana.

Piano ya nyundo inataka nyundo zirushwe. Ukikibembeleza kibao kupita kiasi, kinashuka, lakini nyundo haifiki kwenye uzi. Piano ya digitali haina shida hiyo, yenyewe hata ukiigusa kama unagusa mtoto aliyelala, inasikika, hasa ukiwa umeweka headphone na sauti umeifungulia yote.

Na Leokadia alikuwa anapiga hivyo hivyo. Na mimi nilijua kwa nini.

Nilikaa pale nikaangalia wimbo wote mpaka mwisho. Mnisamehe, hapa mwandishi ananishinda. Niliona vibao vikizama kimoja baada ya kingine kama hatua za mtu anayepita kwa ncha za vidole kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ni kama dada yangu alikuwa pale sebuleni, amepita mbele yetu wote, wimbo mzima, na hakuna aliyemsikia.

Ta Deo akawasha friji. "Mwambie apige," akasema. "Mwambie piano ni yangu, aipige tu."

KWA NINI ALIKUWA ANAGUSA HIVYO

Bibi ana sheria ya nyongeza ambayo sijaisikia nyumba nyingine. Mwali haonekani, na pia hasikiki. Sauti ikifika barabarani, kwa Bibi, ni mwali mwenyewe kafika barabarani.

Kwa hiyo piano ya digitali iliruhusiwa chumbani kwa sharti la kuwa bubu. Leokadia akavaa headphone. Lakini wale wenye digitali wanajua, hata ukivaa headphone, vibao vyenyewe vinagonga. Tok, tok, tok, plastiki juu ya mbao juu ya meza. Baada ya ile flash ya kwanza, Bibi kutoka mlangoni akaanza kusikia.

"Nyie huko ndani, mnapasua kuni?"

Leokadia akapunguza.

"Bado nasikia panya."

Akapunguza tena. Akafungulia sauti ya headphone mpaka mwisho na kugusa vibao kidogo kuliko unavyogusa chai kujua kama imepoa. Masikioni mwake ilikuwa muziki mkubwa. Nje ilikuwa hakuna kitu. Bibi akaridhika, akaendelea kutafuna kahawa.

Niliporudi na video, Leokadia aliiangalia amekaa kitandani, miguu ameikunja. Mwanzo alicheka. Akafikiri nimezima sauti. Akaongeza sauti ya simu. Halafu akaacha kucheka.

Kuna kijana wa studio Kayanga nilikuwa nimeshamuuliza, nikamwambia Leo jibu lake. Yule kijana alisema ni kazi ndogo, anafungua faili, anaziongezea noti zote nguvu, tayari.

"Halafu atakayekuwa amepiga ni nani?"

"Si wewe. Noti ni zako."

"Noti ni za kila mtu, kaka. Nguvu ndiyo yangu." Akanirudishia simu. "Na wamesema faili lisiguswe."

"Basi rudia, upige kwa nguvu."

Akaelekeza kidevu mlangoni, kwenye mgongo wa Bibi.

Hapa naruka kidogo. Nisameheni, kuna kipande nakiweka mwisho kwa makusudi, ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

SAFARI YA TATU

Nilienda Nkwenda na flash ya tatu siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda ikateleza mara mbili na mara zote mbili nilianguka nikiwa nimeshika mfuko wa shati badala ya kujishika mwenyewe. Niliingia kwa Ta Deo nina matope mpaka kwenye nyusi.

Hakuuliza. Alizima friji.

Nikabonyeza.

Ile kahawa ikaanza kupepetwa, wakuu. Taratibu, chini kabisa, lakini kila punje unaisikia. Halafu wimbo ukafunguka, na piano ya Ta Deo, iliyozoea nyimbo za kunywea chai, ikatoa sauti ambayo sikujua kwamba imo. Mama wa jikoni akaja na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Ta Deo alikuwa amekodolea macho kile kiti kitupu. Naamini alikuwa anamwona mtu.

Ilipoisha nilichelewa kukumbuka kuzima kamera. Kwenye video ukisikiliza mwishoni kabisa kuna mtu anapenga kamasi. Siyo mimi.

Tukarekodi na ule wimbo wa kanisani, tukatuma vyote viwili palepale, mtandao wa Nkwenda ukatuheshimu.

Harusi imepita, ilikuwa nzuri, tulikula. Na juzi chuo kimemjibu. Wamemwita aende akapige mbele yao, ana kwa ana. Barua inasema, kwa maneno mengi ya ofisini, kwamba wangependa kuiona hiyo mikono. Edmundi ameshaomba ruhusa ya kumsindikiza. Kwa sasa Leo anafanya mazoezi kwa Ta Deo kila jioni, amekaa kwenye kile kiti yeye mwenyewe, na Ta Deo anasema wateja wameongezeka na hakuna tena anayeacha chapati.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anaweza kuwa anapiga muziki mkubwa kabisa ndani ya masikio yake, na sisi tuliokaa mlangoni tunasikia panya. Kabla hujasema fulani hana kitu, uliza kwanza kama kuna aliyemwambia apunguze. Na kwa wenzangu mnaopiga vinanda vya kwaya: zimeni mdundo siku moja moja, na toeni headphone. Mtajua mlipo.

Mliowahi kurekodi kwa njia hii karibuni mseme mlifanyaje na zile noti za chini. Na kama kwenu mwali bado anawekwa ndani, nataka kusikia kama kuna bibi mwingine mwenye sheria ya sauti, au ni wetu peke yake. Wanaotaka kusema nimetunga nao karibuni, nimewazoea.

Sasa kile kipande nilichoruka.

Siku ile Leo aliponirudishia simu, Bibi alikuwa amesikia yale mazungumzo. Masikio yake hayazeeki. Akaniita bila kugeuka.

"Mwijukuru wangu. Lete hicho mnachokililia."

Nikachuchumaa pembeni ya kiti chake, nikamwonyesha video. Akaitazama piano ikicheza peke yake na hakushtuka hata kidogo, dereva wa lori angejifunza kitu. Akasogeza simu karibu na sikio. Akaisogeza mbele ya macho. Sikioni tena.

"Mbona vinashuka havilii?"

"Vimeguswa kidogo sana, Bibi."

"Nani kamwambia aguse kidogo?"

Sikujibu. Leokadia chumbani hakujibu. Kuku mmoja alipita uani, hata yeye hakusema.

Bibi akatema ganda la kahawa. Akaangalia barabara yake.

"Na hicho chuo kikisikia hivi kitamchukua?"

"Hakitamchukua."

"Hm." Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hicho kidude cha kurekodia kinasikia?"

"Hakisikii, Bibi. Kinaandika vidole tu."

"Redio ikiwa inalia jirani, haiingii?"

"Haiingii."

"Hata mtu akipiga kelele?"

"Hata akipiga kelele. Kuku, mvua, chochote. Kinaandika vidole peke yake."

Akageuka, kwa mara ya kwanza, akatazama ndani. Leokadia alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, headphone zimemning'inia shingoni.

"Kaa upige nione," Bibi akasema.

Leo akakaa. Akachomoa waya wa headphone. Akaweka mikono juu ya vibao, akaanza, na wakuu, ilikuwa ileile. Tok, tok, kidogo, kidogo. Mikono ilikuwa imeshazoea. Bibi alikuwa pale, na Bibi akiwa pale mikono ile haikujua kufanya vingine.

Bibi akaliona. Nilimwona akiliona.

Akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akachukua fimbo yake. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu Leokadia awekwe ndani: alikishika kile kiti cha mlangoni, akakiinua, akakiingiza ndani, akakiegesha ukutani kama kiti cha kawaida.

"Bibi, unaenda wapi?"

"Kwa Ma Stella, hapo jirani. Ana redio ameiwekea betri mpya, anajivuna nayo. Nakwenda kumwambia aifungulie yote nisikie kama ni kweli." Akamtazama Leokadia. "Ikilia redio ya Ma Stella, barabarani hakisikiki kitu kingine. Watu wa huku wote watasema ni yeye."

"Na ukirudi ukinikuta bado?"

"Mimi ndiye mlinzi wako. Kama sikuwepo, nani atasema umesikika?"

Bibi akafika kizingitini, akasimama, akainua kidole.

"Na usinibembelezee kuni. Pasua."

Akatoka. Yeye aliyelalamikia kule kugonga kwa vibao siku zote zile, akaushika mlango kwa mkono wake na kuuvuta kwa nguvu zote alizonazo, mpaka vikombe vikalia kabatini.